Sindano Uliyokubali Bila Kuuliza

Mwala,
jioni ya kuamkia safari yako

Mutheu wangu,

Umeenda ng'ambo ya mto kumuaga susu yako, mama wa baba yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka umekula mara mbili. Nimeikamata nafasi hiyo. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa ndani wa jaketi lako jekundu, na nakuomba usiifungue mpaka ndege iwe imeshapaa, mahali ambapo huwezi kunipigia simu wala mimi siwezi kukuona uso.

Habari za soksi na kufunga begi sikuandikii. Miaka yote hii umewafungia watu wazima mizigo kule Mlima Kenya, umewapikia, umewafunga kamba za viatu vidole vyao vikiwa vimekufa ganzi. Mambo hayo mimi ndiye ningekuuliza. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya ile sindano ya mbwa.

Unakumbuka siku ya kwanza tulipokwenda Nairobi kwa daktari wa wasafiri. Hukunialika, nilijialika. Nilidhani nitakuta mtu mwenye haraka, kumbe ni kijana mpole aliyetandaza ramani ya Nepali mezani akakuuliza utalala wapi, utapanda mpaka wapi, na kutoka kijiji cha mwisho mpaka hospitali ni mwendo wa siku ngapi kwa miguu. Ndipo akaanza kueleza chanjo moja moja. Homa ya manjano haina mjadala, maana sisi tunatoka nchi ambayo ugonjwa huo upo, na bila ile kadi ya njano unaweza kuzuiwa uwanjani. Taifodi na homa ya ini, kwa sababu ya maji na chakula cha njiani. Pepopunda, kwa kuwa uliyodungwa shuleni imeshazeeka. Polio kidogo ya kukumbushia. Homa ya uti wa mgongo, kwa vile wapandaji hulala wamebanana kwenye vibanda wakivuta pumzi moja. Ile ya homa ya ubongo inayoletwa na mbu wa mashamba ya mpunga akasema uiache, kwa kuwa hutakaa mabondeni.

Mimi nilikuwa nikikusikiliza wewe. Uliuliza zipi zinaweza kudungwa siku moja na zipi zinataka kupishana. Uliuliza kila moja inachukua muda gani kuanza kufanya kazi mwilini, na kama mkono ukivimba utaweza kubeba mzigo wiki hiyohiyo. Uliuliza kama mtu anayepanga msafara. Yule daktari aliacha kuniangalia mimi, mzazi, akawa anaongea na wewe tu, na nilifurahi kuachwa.

Halafu akafika kwenye kichaa cha mbwa. Akasema hiyo si ya lazima, ni ya kufikiria. Ni ghali, na inakutaka urudi mara kadhaa. Wewe ukacheka. Ukamwambia wenzako wa safari wote wameiacha, ukasema, "Daktari, mimi naenda kupanda mlima, siendi kuchezea mbwa."

Akakueleza bila kukulazimisha. Alisema kwenye njia zile mbwa huwafuata wapandaji kutoka kijiji hadi kijiji na kulala kando ya mahema yao, na kwamba mtu akiumwa huko juu, dawa ya kumwokoa inaweza kuwa mbali kuliko miguu yake. Aliyechanjwa kabla hupata muda zaidi: bado atahitaji kuosha kidonda na kudungwa tena, ila anaweza kuteremka kuitafuta hiyo dawa. Ukawa bado unatikisa kichwa.

Mimi nikasema, "Mdunge."

Nilisema kwa nguvu mpaka mtu aliyekuwa kwenye benchi la nje akachungulia. Ukageuka ukanitazama. Mutheu, wewe umebishana na mimi tangu ulipojua kuongea. Ulibishana juu ya nywele, juu ya kanisa, juu ya chuo cha ualimu ulichokikataa. Siku hiyo ulinitazama usoni kitambo, ukakunja mkono wa shati, ukasema kama binti kwa mama yake, "Sawa, mwaitu." Basi. Tukirudi nyumbani uliongea habari nyingine kabisa. Uliporudi kumalizia sindano zilizobaki, ukaja na mkono unakuuma, hukuuliza. Mpaka leo hujauliza.

Sijui kama unafahamu ni heshima ya namna gani ulinipa. Kuna watu wazima wasioweza kumpa mwenzao kitu kama hicho. Basi nakupa jibu, ingawa swali lenyewe hukulileta.

Ulikuwa na mjomba ambaye hujasikia jina lake likitajwa katika nyumba hii. Aliitwa Muia. Alinifuata mimi kwa kuzaliwa, nami ndiye niliyembeba mgongoni mama yetu alipokuwa shambani. Wakati huu ninaousimulia nilikuwa darasa la tano, yeye la pili. Tulikaa Kivaa, na baba alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama kule Athi River, anarudi mwisho wa mwezi.

Muia alipenda kila kitu chenye manyoya. Siku moja tukitoka kuchota maji tulimkuta mtoto wa mbwa amejikunyata kando ya njia, ute unamtoka mdomoni. Tulidhani ana kiu. Muia akachota maji kwa kiganja akamnywesha, na yule mbwa akamuuma kidole. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba wa mgunga. Hakulia hata. Nyumbani mama alikifuta kwa maji akakifunga kitambaa, na kesho yake yule mtoto wa mbwa hatukumwona tena. Kidonda kikakauka. Tukasahau. Nakuambia hivi ili usije ukamlaumu susu yako wa Kivaa ambaye hukumjua: katika nyumba ile hapakuwa na mzembe. Hapakuwa na mtu aliyejua, basi.

Mvua zikaja. Tulikuwa tunapalilia kunde Muia alipoanza kulalamika kwamba mkono unamwasha kwa ndani, kama siafu wanamtembea chini ya ngozi. Siku iliyofuata akawa na homa, hataki kula. Jioni mama akampa maji kwenye kibuyu. Aliyataka yale maji, Mutheu. Aliyatazama kama mtu aliyetembea jua la Masinga mchana kutwa. Lakini kibuyu kilipomkaribia mdomoni koo likajifunga, mwili mzima ukaruka, maji yakamwagika. Tulijaribu tena ikawa vilevile. Hata upepo ukipita mlangoni alishtuka. Na kati ya shtuko na shtuko alikuwa Muia yuleyule, akiniuliza kama nimewafungia mbuzi.

Jirani alituazima punda na mkokoteni tukampeleka hospitali ya misheni. Mtawa mmoja muuguzi alimtazama, akajaribu kumpa maji kwa kijiko, kisha akauliza kama mtoto huyu aliumwa na mbwa. Mama akasema hapana. Alisema hapana kwa moyo safi, kwa kuwa kwake lile lilikuwa jambo la zamani na la mtoto wa mbwa asiyejaza kikapu. Mimi nikasema ndiyo. Nikaeleza njia ya kisimani, na ute, na kiganja cha maji. Yule mtawa akaniwekea mkono kichwani akauacha pale muda mrefu. Baadaye alimtoa mama nje, nikamsikia akimwambia kwamba dawa ipo, lakini ni ya siku ile ya kuumwa. Ugonjwa ukishafika hapa ulipofika, hakuna daktari wa kuurudisha.

Muia alifariki siku ya pili yake. Baba alikuwa bado njiani kutoka Athi River.

Mama hakulitaja tena jina lake, nasi tulijifunza kunyamaza kutoka kwake. Nikaolewa nikaja Mwala na ukimya wangu. Umekulia katika boma lisilo na mbwa, majirani wakisema juu yangu kwamba mwalimu ana maringo, anaogopa kuchafuliwa ua. Uliwahi kuleta kijibwa ukiwa mdogo, nikakuamuru ukirudishe ulikokitoa, ukalia mpaka ukalala. Nadhani unaikumbuka siku hiyo vizuri kuliko mimi ninavyotaka.

Sasa unajua. Na kwa vile unajua, nitasema neno moja tu la daktari mle chumbani, kwa sababu huenda mimi nililisikia zaidi kuliko wewe. Sindano ulizodungwa hazikupi ruhusa ya kupuuza. Mbwa akikuuma, au akikukwaruza, au akikulamba mahali penye mchubuko, hata awe mdogo na mwenye macho ya huruma, osha kwa sabuni na maji mengi, uoshe mpaka uone umezidisha, halafu uteremke ukatafute sindano za kuongezea. Usingoje kuona kama kitapona. Kidonda cha Muia kilipona.

Siku ile ulimwuliza daktari jambo jingine, tukiwa tumeshasimama. Ulimwuliza kama kuna chanjo ya ule ugonjwa wa kupanda juu sana. Nadhani ulimwuliza ili mimi nisikie jibu. Akasema hakuna. Vipo vidonge vya kusaidia, lakini mwili unataka kupandishwa polepole, na aliyezidiwa anataka kushushwa. Uliitikia kwa kichwa, hukuuliza zaidi. Nilijua kwa nini, ijapokuwa wewe unadhani sijui.

Mwaka jana, ulipokuwa umesharudi mlimani, Mzee Abdi alikuja hapa nyumbani. Ni yule Msomali mfanyabiashara wa mifugo wa Machakos mjini ambaye baba yako humuuzia mbuzi. Tulidhani amefuata mbuzi. Alikaribishwa chai akainywa yote kwanza, akauliza mvua, akauliza afya ya susu. Kisha akasema amekuja kwa ajili ya mwanawe Yusuf, na kwa ajili yako.

Kumbe Yusuf alikuwa katika kundi la wanafunzi wa chuo mliowapandisha. Kijana mcheza mpira, mwenye kifua, hakutaka kusema kwamba kichwa kinampasuka. Alitapika kwa siri akafukia. Mlipofika kambi ya juu alasiri alianza kupepesuka na kujibu maswali ambayo hayakuulizwa. Mkubwa wenu akasema aachwe alale, asubuhi atakuwa sawa. Wewe ulichora mstari kwenye vumbi ukamwambia Yusuf autembee, kisigino kwa kidole, naye hakuweza hatua tatu. Ukamwambia mkubwa wako mbele ya watu kwamba kijana huyu anashuka sasa hivi. Na Mzee Abdi alijua, kwa kuwa mwanawe alimwambia, kwamba kesho yake ndiyo ingekuwa mara yako ya kwanza kuliongoza kundi mpaka kileleni wewe mwenyewe ukiwa mbele. Ulikuwa umeahidiwa. Ulikuwa umeingoja muda mrefu.

Mliteremka katika mvua ya mawe, wewe na mpagazi mmoja na Yusuf katikati. Mzee Abdi aliweka kikombe chini akamtazama baba yako.

"Mwanangu anasema alimtukana njia nzima," alisema. "Alimwita majina ambayo mimi sikumfundisha. Binti yenu hakumjibu. Alimshika mkanda tu, akateremka naye. Walipofika kwenye miti akili ikamrudia, akaanza kulia kwa aibu, na yeye akamwambia hakusikia kitu, mvua ilikuwa kubwa."

Baba yako, ambaye tangu uanze kazi hiyo alikuwa akisema mlima ni wa watu wasio na shamba, alimwomba Mzee Abdi aisimulie tena kutoka mwanzo. Naye akaisimulia tena. Tangu siku hiyo baba yako ameipeleka hadithi hiyo kila soko la wilaya hii. Yusuf sasa amekuwa wanafunzi wawili, mvua ya mawe imekuwa theluji ya magotini, na juzi nilisikia kuna chui aliyeingia. Nimemwacha. Mtu mwenye furaha usimsahihishe kama daftari la darasa la nne.

Wewe hukutuambia neno. Ulikuja likizo, ukakamua ng'ombe, ukaenda. Hata habari kwamba ni yule mkubwa wako mliyekosana naye kambini ndiye aliyetoa jina lako, alipoombwa mtu mmoja wa kwenda kusomea kazi hii Nepali, tuliipata kwa watu. Nilikasirika kidogo kwamba ulitunyima. Halafu nikakumbuka umetoka tumbo la nani.

Kumrudisha mwingine umeshaweza, na nakusifu bila kupunguza. Kinachonishughulisha ni siku ambayo kichwa kitakachouma kitakuwa chako. Utakuwa miongoni mwa watu waliozaliwa kwenye milima mirefu kuliko wetu. Utakuwa Mkamba peke yako, pengine mwanamke peke yako, na utaona kwamba umepanda na nchi nzima mgongoni. Utataka kunyamaza kama Yusuf. Mimi najua tamaa hiyo. Ulipokuwa mdogo nilikuwa mwenyekiti wa kina mama waliojenga bwawa la mchanga, la kukinga maji ya mto, pale chini kwa jirani Kyalo, na ukuta ukiwa umefika kiunoni niliona ufa. Niliuona kabla ya wote. Nikasema moyoni tumeshabeba mawe mengi mno, wanaume wamekaa wakingoja tushindwe, siwezi kuwaambia hawa wanawake tubomoe tuanze upya. Nikaupaka saruji. Mvua ya kwanza iliubeba ukuta wote, na wanaume wakapata walichokingoja. Mwaka uliofuata tulijenga tena mbele kidogo, penye mwamba, na bwawa hilo ndilo unalolijua, lililojaa mpaka leo. Lakini ule mwaka mmoja wa kuteka maji mbali niliwapa wenzangu mimi.

Kwa hiyo kichwa kikiuma, sema. Sema mapema, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa ishara. Wakikuteremsha, teremka, urudi nyumbani bila kilele chochote, na baba yako atapata chui mwingine wa kusimulia. Sisi hatukupeleki huko kuleta mlima. Tulishajivunia wewe kabla hujapata pasipoti.

Limebaki jambo moja ambalo hata baba yako hajakuambia, maana nilimkataza.

Jumanne nilikwenda kwenye baraza la chifu. Afisa wa mifugo alikuwa pale akilalamika kwamba chanjo ya mbwa anayo lakini watu hawaleti mbwa wao. Wanasema mbwa ni wa kulinda, si wa kutibiwa, na wengine wakacheka. Huwa sisemi barazani, unajua. Nilisimama. Niliwaambia nilikuwa na ndugu aliyeitwa Muia. Nilisema kidole, nikasema kunde, nikasema kibuyu. Nilipomaliza hapakuwa na aliyecheka. Mama mmoja mzee aliyekaa nyuma, ambaye simjui, aliuliza polepole Muia alikuwa na umri gani, nikamwambia, naye akasema wa kwake alikuwa na sita.

Nisingesimama, Mutheu, kama wewe usingekunja mkono wa shati pale Nairobi. Nilirudi kutoka kule nikiwa nimeshasema kwa sauti nusu ya jambo, na nusu iliyobaki ikakosa mahali pa kukaa.

Wamekubaliana siku ya kuwachanja mbwa ni Jumamosi, kwenye uwanja wa shule yetu. Kila nyumba italeta mbwa wake kwa kamba. Afisa aliuliza nani watamsaidia kuwashika, mikono ikawa michache, nami nikaona mkono wangu uko juu. Baba yako alinitazama vile alivyokutazama wewe siku ulipokuja na kamba yako ya kwanza ya mlima.

Basi Jumamosi, wewe ukiwa bado unaizoea hewa ya huko, mimi nitakuwa nimepiga magoti kwenye nyasi nimeshika mbwa wa watu shingoni. Naogopa kuliko ninavyoweza kukuandikia. Nikiulizwa mwalimu ameyaanza lini mambo haya, nitawaambia nina binti yuko Nepali, na kwamba kabla ya mbwa wao alidungwa yeye kwanza, wala hakuuliza kwa nini.

Mimi,
mama yako